Aliyenigonga ana bima, mbona nalipwa nusu?

SWALI: Mshauri, nakusalimu. Mimi ni fundi cherehani, naishi Umoja na duka langu liko Eastleigh. Mwezi uliopita, nikiwa nimesimama kwenye foleni katika barabara ya Outer Ring karibu na Donholm, pikapu ilinigonga kwa nyuma. Dereva alishuka akaniomba radhi mbele ya watu, tukaenda pamoja kituo cha polisi na baadaye nikapewa abstrakti, yaani hati ya polisi inayothibitisha ajali. Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Kampuni yake ya bima ilituma asesa, mkadiriaji wa hasara, aliyelitazama gari langu kwa dakika kumi hivi, na sasa wanasema watanilipa shilingi 68,000, ilhali fundi wangu wa bodi amekadiria shilingi 142,000. Wamenipa karatasi niitie sahihi ndipo cheki itoke. Bima yangu mwenyewe ni ya thadi pati tu, isiyolipia gari langu. Tena shingo inaniuma nikigeukia kushoto, ingawa sijaenda hospitali. Nifanyeje?
Mama Cherehani, Umoja

JIBU: Pole sana, Mama. Kabla ya lolote jingine, karatasi hiyo usiitie sahihi leo. Isome polepole, na nina hakika utakuta humo maneno ya kusema kwamba umepokea fedha hizo kumaliza madai yako yote yaliyotokana na ajali hiyo, ya sasa na ya baadaye. Neno “yote” linalimeza gari pamoja na shingo yako. Nenda hospitali kesho, umweleze daktari tarehe ya ajali na jinsi ulivyogongwa, uhifadhi kadi na risiti, kisha urudi kituoni ulikoandikishia ajali uombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kurekodi majeraha, ili daktari aijaze. Iwapo mtaafikiana kuhusu gari peke yake, dai karatasi iandikwe upya iseme wazi kuwa malipo ni ya uharibifu wa gari tu na kwamba madai ya majeraha yamebaki palepale.

Sasa nikueleze jambo ambalo wasomaji wengi wanaoniandikia hawalijui, na ndilo linalowafanya wakae miezi wakipiga simu ofisi isiyofaa. Kampuni ile ya bima haina mkataba wowote na wewe. Anayedaiwa ni dereva aliyekugonga, pamoja na mwenye pikapu ikiwa dereva alikuwa katika shughuli zake. Kampuni imeahidi tu kumlipia mteja wake. Kwa hiyo barua yako ya madai iandikie dereva na mwenye gari kwa majina yao, na kampuni uipelekee nakala, ukihakikisha kila nakala inagongwa muhuri wa kupokelewa. Kama hujui mwenye pikapu ni nani, namba ya usajili inatosha kutafuta rekodi zake kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari. Mwenye gari akipokea barua inayomtaja yeye kama mdaiwa, mara nyingi ndiye atakayempigia wakala wake simu kwa hasira, na simu hiyo husogeza faili kuliko zako kumi. Usishangae pia kwamba dereva aliyekuomba radhi barabarani sasa yuko kimya: mikataba ya bima kwa kawaida humkataza mteja kukiri kosa bila idhini ya kampuni, na bila shaka ameshaambiwa afunge mdomo.

Kuna tofauti nyingine inayokuhusu. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kifo na majeraha ya watu wengine, na kiwango cha juu cha fidia kwa mtu mmojawapo ni shilingi milioni 3. Uharibifu wa mali haumo katika ulazima huo. Bima nyingi huujumuisha, lakini kwa kikomo kilichoandikwa ndani ya mkataba, kwa hiyo uliza kwa maandishi kikomo cha pikapu ile ni kiasi gani. Ikiwa hasara yako imekizidi, kinachobaki unamdai mwenye gari mwenyewe.

Tuje kwenye zile 74,000 zilizopungua. Omba nakala ya ripoti ya asesa, kisha uiweke kando ya makadirio ya fundi wako na kuzilinganisha mstari kwa mstari. Kwa kawaida upungufu hutokea mahali patatu: kampuni imekata thamani ya vipuri kwa sababu gari lako si jipya, imehesabu vipuri vilivyotumika badala ya vipya, au asesa hakuona kilichovunjika. Hili la tatu ndilo ninalolishuku kwako. Bampa ya plastiki ikigongwa hubonyea kisha hurudi karibu na umbo lake, na mtu anayepita na kamera huona mikwaruzo na taa moja iliyopasuka. Nyuma ya bampa kuna chuma kinachopokea kishindo, na nyuma ya chuma kuna sakafu ya buti. Mwambie fundi aifungue bampa, anyanyue zulia la buti na tairi la akiba, apige picha za mabati yaliyojikunja. Jaribu pia kuufunga mlango wa buti: ukihitaji kuusukuma kwa goti, fremu imesogea. Ukiwa na picha hizo, idai kampuni ikague gari tena likiwa limefunguliwa, na lisitengenezwe kabla ya ukaguzi huo. Wakikataa, lipia asesa huru. Ada yake nayo iongeze kwenye madai yako.

Kuhusu makato ya uchakavu nitasema ukweli hata kama haukupendezi: wana hoja kidogo. Ukiwekewa bampa mpya kwenye gari la miaka kumi na tano, umepata zaidi ya ulichopoteza. Pita Kirinyaga Road uulize bei ya bampa safi iliyotumika, ujue unabishania nini. Lakini uchakavu hauingii katika malipo ya kazi ya fundi, wala katika nauli uliyotumia kusafirisha vitambaa gari likiwa limelala, na nauli hizo unaruhusiwa kuzidai. Sharti ni risiti, maana mahakama zetu hutaka hasara ya namna hiyo itajwe kwa kiasi kamili na ithibitishwe. Wala usitegemee kulipwa miezi sita ya teksi kwa gari ambalo lingetengenezwa kwa wiki mbili.

Mazungumzo yakikwama, una milango miwili. Malalamiko kuhusu kampuni kuchelewesha au kutojibu barua hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo wengi huiita IRA, yenye ofisi zake Upper Hill katika barabara ya Longonot. Hawataamua nani alikosea barabarani, ila kampuni huwajibu haraka kuliko inavyokujibu wewe. Mlango wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambayo kwa sheria hupaswa kuamua kesi ndani ya siku 60, na ambako unaweza kujisimamia bila wakili. Hata hivyo, kwa sababu ya shingo, zungumza na wakili kabla ya kufungua kesi ya gari, usije ukaigawa kesi moja vipande viwili na kipande kimoja kikakataliwa. Kampuni nayo ipewe ilani rasmi ya kesi kabla hujaifungua au punde tu baada ya kuifungua, la sivyo itapata kisingizio cha kukataa kulipa fidia ya majeraha utakayoamuliwa. Una miaka 3 tangu siku ya ajali, na hesabu hiyo haisimami kwa sababu tu kampuni inakuambia faili “inashughulikiwa”.

SWALI: Matatu ilinikwaruza mlango pale Kawangware. Kondakta alinipa shilingi 3,000, nikaandika kwenye karatasi kwamba tumemalizana. Fundi sasa anataka 19,000. Je, naweza kuidai bima yao?
Msomaji, Kawangware

JIBU: Ndugu yangu, umejifunga kwa mkono wako mwenyewe. Bima itaitoa karatasi hiyo siku ya kwanza, na kwa shilingi 16,000 sikushauri uende mahakamani kubishana nayo. Jina la sacco, chama cha wenye matatu, limeandikwa ubavuni mwa matatu ile. Nenda ofisini kwao asubuhi kabla magari hayajatawanyika, ukiwa na picha za mlango na makadirio ya fundi, umwombe mwenyekiti amwite mwenye gari. Wengi hupenda kuongeza kidogo kuliko kusikia neno abstrakti. Ukipewa nyongeza, safari hii andika kiasi, tarehe na namba ya gari.