Filta za enlaja ya mtumba zinakaa juu ya negativu, hiyo nyekundu ni ya kazi nyingine

Mkuu uliyeuliza kama hiyo filta nyekundu inayoning'inia chini ya lenzi ya enlaja uliyonunua (mashine ya kukuzia picha kutoka kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa) inatosha kuprintia, hapana, haitoshi. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haioni mwanga mwekundu, kwa hiyo hiyo ni ya kupangia karatasi tu, ukishapanga unaisogeza pembeni ndo unaanza kuhesabu sekunde. Kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe kwenye picha, haiigusi.

Za kontrasti ni zile zinazoanzia njano mpaka majenta (pinki iliyokolea). Seti ya kampuni ya Ilford ina filta 12, kutoka 00 ya kontrasti ndogo kabisa mpaka 5 ya kubwa kabisa, zinapanda nusu nusu. Ila kabla hujatoa hela soma kwanza boksi la karatasi zako, kama hakuna neno Multigrade au VC (karatasi ambayo kontrasti yake inabadilika kwa filta) na kuna namba moja tu ya gredi, yaani kiwango cha kontrasti, basi hata uweke filta gani picha itabaki vilevile, utaongeza muda tu. Stoo za studio zilizofungwa zimejaa karatasi za hivyo.

Sasa pa kuweka. Angalia kichwa cha mashine kati ya balbu na negativu, enlaja nyingi zina kadroo kadogo hapo na watu wanakapita bila kukaona kwa sababu kameshikana na kutu au vumbi. Kama kapo, tumia hako, usihangaike na kishikio cha chini ya lenzi. Filta ikiwa juu ya negativu, mkwaruzo au alama ya kidole haitokei kwenye picha, lakini ikiwa chini ya lenzi picha yote inapita ndani yake, kwa hiyo inabidi iwe safi kama lenzi yenyewe na kwenye chumba cha giza chenye mikono ya kemikali hiyo ni kazi kweli.

Mimi nanunua zile za sm 8.9 halafu nakata kwa mkasi kulingana na droo, ni plastiki laini tu. Shika pembeni, kata kidogo kidogo, hakikisha namba inabaki. Kisha toa negativu, zima taa zote, fungua lenzi mpaka mwisho, weka karatasi nyeupe chini na uangalie rangi kwenye kona. Hapa usiwe na haraka. Ukiona kona moja ni nyeupe na katikati majenta ujue filta haijafunika mwanga wote, na kona hiyo itatoka na kontrasti tofauti na picha nyingine, utaanza kulaumu developa (dawa ya kutokezea picha) bure. Na kama mwanga unavuja pembeni ya droo ziba na kadi nyeusi, maana ukipiga ukutani unarudi kwenye karatasi.

Ukipata filta za mtumba ziinue kwenye dirisha, zilizochoka zimepauka katikati kwa joto la balbu. Na balbu yenyewe iwe ya kioo cheupe kama maziwa, ya enlaja, 75W au 150W kadiri mashine inavyoruhusu. Hizi LED nyeupe za nyumbani mwanga wake una mchanganyiko mwingine wa bluu na kijani, na karatasi hizi zinapima kontrasti kwa rangi hizo mbili, so namba za filta zinakuwa hazisemi ukweli.

Kama kichwa chako kina vinobu vya rangi tatu huhitaji filta za kukata kabisa, majenta inapandisha kontrasti, njano inashusha, ile ya tatu iache kwenye sifuri.

Muda ni rahisi, 00 mpaka 3½ ni uleule, 4 mpaka 5 unazidisha mara mbili, kwa hiyo sekunde 12 kwenye 2½ zinakuwa 24 kwenye 4. Anza na 2½ kwa kila negativu. Na zile picha zetu za harusi, mzee kavaa kanzu nyeupe juani saa saba, uso mweusi vizuri lakini kanzu imekuwa karatasi tupu, usishushe kontrasti ya picha yote mpaka iwe ya kijivu. Printi kwanza yote kwa 2½ uso ukae sawa, halafu badilisha weka 00, kinga uso kwa kadi, iongezee kanzu peke yake mwanga kidogo kidogo mpaka mikunjo na darizi za shingoni zianze kuonekana. Ukibadilisha filta vuta droo taratibu kichwa kisitikisike, picha isije ikatoka mbilimbili.