Kwa Anayeanza Kuwasoma Wasarasini wa Tenzi za Ulaya

Kabla ya nadharia yoyote, chora safu tatu daftarini: mwaka wa tukio, mwaka wa utungo, mwaka wa nakala iliyotufikia. Kwa Wimbo wa Roland, utenzi wa Kifaransa cha kale, safu ya kwanza ni 778. Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, alikwenda Hispania kwa mwaliko wa watawala Waislamu waliokuwa wakigombana na Kordoba, makao ya amiri wa Kiislamu huko, na wakati wa kurudi walinzi wa nyuma wa jeshi lake waliuawa milimani na Wabaski, wenyeji wa huko. Safu ya pili ni karibu 1100, Vita vya Msalaba vimeshaanza. Katika utungo Wabaski hawamo tena. Mahali pao wamekaa Wasarasini 400,000, jina ambalo Ulaya ya zama zile iliwaita Waislamu. Kazi yako inaanzia hapo: nani kaondolewa, nani kawekwa mahali pake, na wakati huo nani alimhitaji adui huyo.

Hata hivyo usitafsiri "Wasarasini" kuwa "Waislamu". Liache neno lilivyo, kwa kuwa mtunzi anawaabudisha miungu watatu wenye masanamu: Mahomet, Apollin na Tervagant. Msomaji aliyekulia karibu na msikiti huona papo hapo kwamba huu si Uislamu, na wengi huishia hapo, wanaandika "mtunzi kadanganya" na kufunga kitabu. Kukasirika ni haki. Lakini uliza kwa nini ni watatu hasa. Mtunzi amechukua Utatu wa dini yake na kumvisha adui ukiwa umepinduliwa. Halafu mtazame amiri Baligant: mtunzi anamsifu umbo na ushujaa, mpaka anapaza sauti kwamba angekuwa Mkristo angekuwa shujaa wa aina gani! Sifa na chuki zimo katika fungu lilelile la mistari, kwa hiyo usinakili moja ukaacha nyingine.

Andika pia mwisho wa kila mhusika. Zaragoza, mji wa Wasarasini, unapotekwa, zaidi ya watu 100,000 wanabatizwa, na anayekataa anauawa. Malkia wao Bramimonde peke yake anapelekwa Ufaransa ili aongoke kwa mapenzi. Wanawake huongoka namna hiyo katika tenzi nyingi za aina hii, hesabu utaona.

Baadaye soma Utenzi wa Cid, wa shujaa Mkristo wa Hispania, usije ukadhani Ulaya nzima ilisema kwa sauti moja. Jina lenyewe ni la Kiarabu, *sayyid*, lile lile tunalolijua kwa masultani wa Zanzibar. Humo Abengalbón, Mwislamu wa Molina, anawakirimu mabinti wa Cid, huku waume zao Wakristo wakipanga kumuua wamnyang'anye mali. Njama inafichuka kwa sababu Mwislamu mmoja anaelewa lugha ya waume hao.

Mwishowe rudi Pate, kwenye Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake ya zamani ni ya 1728. Tambuka ni Tabuk: mwaka 630 Waislamu walifika huko na Warumi hawakutokea. Utenzi umejaza vita vikubwa dhidi ya Herekali, mfalme wa Warumi. Ujazie safu zilezile tatu, kwa ukali uleule uliomfanyia Roland.