Taa ya bluu haizimiki na taa ya injini imewaka: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Iringa mjini na nafundisha Ilula. Mwezi Machi nilinunua Toyota Vitz ya mwaka 2006, injini ya CC 1000, kwa mtu aliyekuwa ameitumia miaka mitatu. Ndilo gari langu la kwanza. Kila asubuhi nikiwasha inawaka taa ya bluu yenye mchoro wa kipimajoto. Mwanzoni sikujali, lakini haizimiki mpaka nakaribia Ilula, na siku nyingine inazimika nikipanda kilima halafu inawaka tena nikiteremka. Wiki mbili zilizopita ikawaka na taa ya rangi ya chungwa yenye mchoro wa injini. Gari halina geji ya mshale ya kuonyesha joto. Tena linakula mafuta: nikipiga hesabu sipati zaidi ya kilomita 11 kwa lita. Fundi wa hapa mtaani anasema hiyo ya bluu ni ya kawaida kwa sababu Iringa kuna baridi, na ya injini anaweza kuizima kwa elfu ishirini. Nimkubalie? Naomba pia unieleze taa zipi nikiziona nisimame hapo hapo, na herufi S na B kwenye gia ni za nini, maana mwezi ujao nateremka mlima Kitonga na watoto kwenda Morogoro.

JIBU: Mwalimu, usimkubalie. Naona taa zako mbili zinasema jambo moja: ama gari lako halina themostati, ama inayo lakini imekwama ikiwa wazi. Umenipa dalili yenyewe uliposema bluu inazimika ukipanda na inarudi ukiteremka. Baridi ya Iringa haifanyi hivyo. Baridi ya Juni na Julai itaichelewesha injini dakika chache kupata joto, basi. Haina nguvu ya kuipoza injini iliyokwisha pata moto na iko barabarani inafanya kazi.

Themostati ni kidude kidogo cha kufumbatika mkononi, kinakaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta. Injini ikiwa baridi nta imeganda na mlango umefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini tu na kupata moto upesi. Yakifika nyuzi 82 hivi nta inayeyuka, inatanuka, inausukuma mlango, na maji yanaanza kwenda kupozwa kwenye rejeta. Tangu hapo mlango unajifungua na kujirudisha wenyewe ili injini ikae kati ya nyuzi 85 na 95. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Ukipanda mlima injini inajitahidi, joto linazidi, taa inazimika. Ukiachia mafuta kwenye mteremko upepo unaipuliza rejeta, joto linashuka, bluu inarudi.

Aliyeitoa ni fundi mwenzangu, na najua kwa nini. Wengi wetu tulifundishwa gereji kwamba themostati ni kitu cha nchi za theluji, huku kwetu ni cha kutupa. Gari likichemsha, cha kwanza kutolewa ni hicho. Nami nilifundishwa hivyo na nilitoa nyingi miaka yangu ya mwanzo, na leo nasema wazi kwamba ni kosa. Gari linalochemsha lina sababu yake: rejeta imeziba kwa kutu, feni haizunguki, mfuniko wa rejeta umechoka, pampu ya maji inavuja, au hedi gasketi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, yaani hedi) imekufa. Kutoa themostati ni kuuficha ugonjwa huo na kuleta mwingine. Kwa hiyo, Mwalimu, mtafute aliyekuuzia umuulize kwa upole kama gari liliwahi kuchemsha. Jibu lake litakusaidia kuliko mashine yoyote.

Sasa mafuta. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inasoma joto la maji kupitia sensa. Ikiona maji ni baridi inaamini injini ndiyo kwanza inaamka, inaongeza petroli. Wazee walioendesha magari ya kabureta watanielewa nikisema unatembea kutoka Iringa hadi Ilula choki ikiwa imevutwa. Vitz ya CC 1000 iliyo nzima, kwenye lami na mwendo wa kistaarabu, inafika kilomita 15 kwa lita na zaidi. Na hasara haiishii sheli. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inachuruzika chini na kuifanya oili yote iwe nyepesi mno. Plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi. Fungua mfuniko wa kujazia oili utazame chini yake. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa hapo tu, na kijiti cha kupimia oili kikiwa safi, huo ni unyevu ulioshindwa kukauka kwa sababu injini haipati joto. Utando ukiwa hadi kwenye kijiti, maji yanaingia kwenye oili: usiwashe tena, ita fundi aje gari lilipo.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, washa uliache likinguruma, kisha weka kiganja kwenye rejeta na mipira yake (mkono ukae mbali na feni, inajiwasha yenyewe bila kukuomba ruhusa). Injini inatakiwa ipate moto kwanza huku rejeta ikiwa bado baridi. Vikianza kupata vuguvugu pamoja tangu mwanzo, mlango uko wazi au haupo. Kuna uwezekano mwingine, kwamba themostati ni nzima ila sensa ya joto inadanganya. Mwenye mashine ya kupimia aisome sensa hiyo kabla gari halijawashwa. Inatakiwa itaje joto la hewa ya asubuhi hiyo. Ikitaja nyuzi 40 chini ya sifuri, waya umekatika au sensa imekufa. Mwambie pia asome namba ya hitilafu iliyowasha taa ya injini. P0128 maana yake maji hayafikii joto linalotakiwa, yaani haya tunayoyazungumza. P0300 maana yake injini inamisi, yaani silinda hazichomi petroli sawasawa, na hapo aanze na plagi na koili.

Tukija kwenye elfu ishirini. Kuna njia mbili za kuizima taa ya injini bila kutengeneza gari. Moja ni kuifuta kwa mashine, na itarudi baada ya siku chache. Ya pili inaniuma zaidi: kufungua dashibodi na kung'oa balbu, au kubandika kitu cheusi juu yake, au kuunganisha waya wake na wa taa nyingine ili zizimike pamoja. Gari la namna hiyo likiuzwa, mnunuzi anaona dashibodi safi na kulipia injini iliyo mahututi.

Kwa hiyo kesho asubuhi fanya jambo hili, na ulifanye kwa kila gari utakalotaka kununua maishani. Zungusha ufunguo hadi ON, usipige stata. Taa nyingi zitawaka kwa pamoja, gari linajipima. Tazama kama zipo ya oili, ya betri, ya injini, ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki), ya mfuko wa hewa (mtu aliyeketi na puto mbele yake) na ya breki handibreki ikiwa imevutwa. Isiyowaka hapo imeungua au imeuawa na mtu. Hesabu polepole hadi kumi. Ya mfuko wa hewa inazimika yenyewe baada ya sekunde 6 hivi, na ya ABS nayo inazimika, ingawa hujapiga stata. Ya oili, ya betri na ya injini zinabaki mpaka injini iwake. Ukiona ya mfuko wa hewa inasubiri hadi injini iwake ndipo izimike sambamba na ya oili au ya betri, jua waya zimeunganishwa, na huenda mifuko yenyewe ilishafumuka kwenye ajali ya zamani.

Umeuliza zipi za kusimama hapo hapo. Shika rangi: kijani na bluu zinakuarifu, chungwa inakutaka uende gereji, nyekundu inakutaka usimame. Chungwa ina hali moja tu isiyofuata kanuni hii: taa ya injini ikianza kupepesa badala ya kutulia, injini inamisi vibaya na petroli mbichi inaungulia kwenye masega ya kusafishia moshi kwenye ekzosi. Punguza mwendo, simama mapema.

Nyekundu ya oili, ile ya birika lenye tone, ndiyo inayoua injini kuliko zote. Haipimi oili imebaki kiasi gani, inapima msukumo wake. Ikiwaka ukiwa barabarani maana yake vyuma vinasuguana vikavu. Usijisemee "nifike hapo mbele kwenye kijiji". Kaa pembeni, zima, subiri dakika kadhaa, pima kwa kijiti. Ikiwa imepungua, ongeza uwashe. Taa isipozimika mara moja, zima tena uite gari la kukuvuta. Injini nyingi zilizonoki, yaani zilizokufa kwa kukosa oili, ambazo nimezifungua, mwenyewe ananiambia taa iliwaka "kidogo tu".

Nyekundu ya betri hailalamikii betri. Inasema alteneta haichaji. Betri iliyolala vizuri inasoma volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma inatakiwa isome karibu 14. Kwenye gari lako ina uzito zaidi kwa sababu mkanda uleule unaozungusha alteneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Mkanda ukikatika zitafuatana: betri kwanza, halafu kipimajoto chekundu. Ndiyo maana ukiona ya betri porini, simama ufungue boneti uutazame mkanda. Ukiwepo na umekaza, zima AC na redio uende gereji iliyo karibu. Usipokuwepo, usiendelee.

Kipimajoto chekundu ni kile kile cha bluu kikiwa upande wa pili. Kwa kuwa gari lako halina mshale, hutaona joto likipanda pole pole. Ukiona nyekundu, tayari limechemsha. Zima injini, fungua boneti, ukae mbali. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka uweze kuishika rejeta kwa kiganja bila kuungua, na hilo huchukua nusu saa na zaidi. Maji yaliyo chini ya mfuniko huo yamebanwa, yana moto kupita kiwango cha kuchemka, na ukifungua yanaruka yote usoni. Wala usimwagie injini maji baridi, hedi itapinda. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: maji yakivuja yote, sensa inabaki kwenye mvuke na inaweza isiwashe nyekundu kabisa. Kwa hiyo fungua tangi dogo la kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) kila Jumamosi uangalie kwa macho yako. Na huko kwenu juu, kwenye mita 1,500 na ushei, maji matupu bila mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu nasisitiza kulanti halisi na mfuniko mzima wa rejeta kwa watu wa Iringa na Mbeya kuliko kwa watu wa Tanga.

Nyekundu ya breki: angalia kwanza handibreki. Kama imeshushwa, angalia mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, mara nyingi pedi zimekwisha au kuna mahali panavuja. Usiteremke Kitonga nayo.

Na Kitonga yenyewe. Gia yako ni ya CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia. D ni ya mwendo wa kawaida. S inaiacha injini izunguke kwa kasi zaidi, inafaa kwenye vilima vya kupanda na kushuka. B ndiyo ya mteremko mkali: injini inalishika gari lisikimbie. Kabla hujaanza kushuka, punguza mwendo, weka S, na pakizidi ukali weka B. Injini itanguruma kwa sauti, usiogope. Breki uzikanyage kwa vipindi, ukanyage uachie, usizikalie, maana zikipata moto kupita kiasi utakanyaga na gari halitasikia. Usiweke N ati unaokoa mafuta. Ukiachia pedali ya mafuta gari likiwa ndani ya gia, sindano za petroli zinafunga kabisa. Kwenye N injini inaendelea kunywa.

Kazi ya wiki hii basi: nunua themostati mpya ya injini yako na gasketi yake, na iwe ya joto lililoandikwa na mtengenezaji, si yoyote inayoingia. Fundi aisafishe rejeta, aweke kulanti, atoe hewa yote kwenye mfumo, na abadilishe oili kwa kuwa iliyomo imechanganyika na petroli. Hakikisha feni inajiwasha kabla gari halijatoka gereji. Kisha safari ya kwanza ya Ilula tazama bluu. Kwa kuwa siku yako inaanza na mteremko wa kutoka mjini hadi Ipogolo, injini itachelewa kidogo, hilo ni sawa. Ikizimika mara baada ya kuingia barabara kuu na isirudi mpaka Ilula, peleka watoto Morogoro. Ikirudi hata mara moja, niandikie kabla ya safari.