Ryzen 5 1600 ya mwaka 2017: tuanze kubadilisha kifaa gani kwa bajeti ya laki saba?

Ndugu, umesema kompyuta yako uliiunga mwaka 2017 kwa prosesa ya Ryzen 5 1600, madabodi (ubao mkuu) ya B350, RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 8 katika kijiti kimoja, kadi ya grafiki ya GTX 1060 ya GB 6 na diski inayozunguka (hard disk) ya TB 1. Sasa inakwama unapochora nyumba kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D, na hata unapocheza gemu la mpira, nawe unauliza kama uiuze, uongeze laki saba, ununue nyingine iliyotumika. Mimi nilikuwa na mashine inayofanana na yako karibu kwa kila kifaa, na nakusihi usiiuze. Mtaji wako ni soketi ya AM4, yaani kiti cha prosesa, iliyo kwenye madabodi hiyo, kwa kuwa mwaka 2022 AMD, watengenezaji wa Ryzen, ilifungua njia ya prosesa za Ryzen 5000 kufanya kazi hata kwenye madabodi za mfululizo wa 300.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fungua Task Manager ya Windows, inayoonyesha kila kifaa kinavyotumika, uendelee na kazi zako za kawaida kwa nusu saa, kisha uangalie ni kifaa gani kinachofika asilimia 100. Nilikuwa nimeshaamini kwamba tatizo langu ni kadi ya grafiki, lakini nilikuta diski imeganda kwenye 100 ilhali prosesa haijafika hata 30. RAM ikijaa, Windows huhamishia ziada kwenye diski, na hard disk inayozunguka haiwezi kabisa kuhimili mzigo huo.

Kwa hiyo anza na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, hata ile ya kawaida ya SATA, na vijiti viwili vya RAM vinavyolingana, vya GB 8 kila kimoja, ili prosesa isome kumbukumbu kwa njia mbili. Ikiwa madabodi ina nafasi nne, kwa kawaida vijiti huwekwa kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Baada ya hapo ingia kwenye BIOS (programu ya madabodi inayowasha kompyuta) uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, maana RAM ya DDR4-3200 isipowashiwa XMP huenda kwa kasi ya 2133 au 2400 tu, na mwenyewe hutajua. Kama hiyo 1600 itakataa 3200, ishushe hadi 2933.

Hatua ya pili ni prosesa, na hapa ningechukua Ryzen 5 5600. Idadi ya kori ni ileile sita na matumizi ya umeme ni yaleyale ya wati 65, ila kila kori ina nguvu zaidi sana. Pia 1600 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, nayo Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025; 5600 imo. Ni lazima usasishe BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani, kwa kutumia faili la modeli halisi ya madabodi yako kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, madabodi inaweza kufa. Niliazima UPS (betri ya akiba) ya jirani kwa ajili ya dakika hizo chache, na sikujuta, kwa sababu jioni ileile mtaa mzima ulizimika.

Katika kutoa prosesa ya zamani ndipo nilipoumia. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, na ile grisi ya kupitishia joto ikishakauka hugandisha feni na prosesa vikawa kitu kimoja. Nilivuta feni moja kwa moja ikang'oka na prosesa, pini mbili zikalala, nikakaa karibu saa nzima nikizinyoosha kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza. Wewe iendeshe kompyuta kwanza na kazi nzito kwa dakika kumi ili grisi ilainike, izime, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha feni kidogo kidogo kushoto na kulia hadi uisikie inaachia, ndipo uinyanyue.

Kadi ya grafiki iache iwe ya mwisho, hata kama laki saba haitafika huko mwaka huu. Kwa kuwa unatumia Blender, ningesubiri RTX 3060 ya GB 12 badala ya RX 6600 yenye GB 8, kwani Cycles, injini ya Blender ya kutengeneza picha, hunufaika sana na OptiX, teknolojia ya kadi za Nvidia kama hiyo 3060, na picha za nyumba zenye samani nyingi hula kumbukumbu ya kadi. Hata hivyo 3060 inakula wati 170 wakati 1060 yako inakula 120, na Nvidia inapendekeza paua saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 550, kwa hiyo huenda na hiyo ikahitaji kubadilishwa.

Fungua kava, upige picha lebo ya paua saplai na jina la modeli lililoandikwa kwenye madabodi, uziweke hapa pamoja na toleo la BIOS ulilonalo, nami nitakuonyesha faili sahihi la kupakua.