Zinki uliyotia si zinki iliyofika

Wadogo zangu mnaotoka Lamu kwenda kusomea maabara, maji ya kisima chenye chumvi na maji ya Shela mmeyajua tangu utotoni: kikombeni yanafanana, ulimi ndio unaoyatambua. Maabara hamtaonja. Seli za saratani mtakazozijaribu kwa madini ndizo zitakazoonja.

Mimi nilipoteza wiki tatu kwa zinki. Niliyeyusha chumvi yake kwenye maji yenye fosfati, nikazitilia seli za HeLa, yaani seli za saratani ya mlango wa kizazi zinazokuzwa maabara, wala hazikutikisika. Nikaandika daftarini kwamba zinki haina athari. Mwalimu aliyenisimamia akainua chupa yangu kwenye mwanga, na chini kukaonekana utando mweupe: zinki imeshikana na fosfati, imetuama. Seli hazikuipata kabisa. Tangu siku hiyo nayeyusha kwa maji yaliyotolewa madini, na chupa naitazama kila mara kabla ya kushika pipeti, mrija wa kupimia majimaji.

Halafu seramu, majimaji ya damu tunayoongeza kwenye chakula cha seli. Ukitia asilimia 10 ya seramu ya ndama, albumini, protini iliyomo, hukamata sehemu kubwa ya zinki na shaba. Ishushe hadi asilimia 2, na kipimo kile kile chaweza kuua seli zilizokuwa zikistawi jana. Matokeo yasiyotaja seramu mimi siyalinganishi na chochote. Na vyombo vya glasi viloweke kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, kisha visuuzwe sana.

Msidharau madini yanayovuja kidogo kidogo. Barnett Rosenberg, huko Marekani, alipitisha umeme kwenye bakteria. Wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Kumbe si umeme, ni platinamu iliyokuwa ikitoka kwenye elektrodi zake. Aliyatangaza hayo 1965, na 1978 sisplatini, yenye platinamu ndani yake, ikaidhinishwa Marekani kuwa dawa ya saratani. Mkiitumia, msiiyeyushe kwa DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara: DMSO hujishika kwenye platinamu na nguvu ya dawa hupotea. Maji ya chumvi yanatosha.

Likizo mtaulizwa mengi. Mama mdogo aliniuliza kama vidonge vya zinki wanavyopewa watoto wanaoharisha vitamfaa jirani mwenye uvimbe kwenye titi. Nikamwambia la, mama. Mimi seli naziogesha kwa zinki ndani ya sahani, lakini mwilini utumbo ndio unaoamua ipite kiasi gani. Asubuhi yake tukampeleka jirani hospitali.