Rivolva ya Vipuri Mchanganyiko: Pima Kabla Hujalipa

Mtutu niliokuwa nimeununua kwa hamu uliingia kwenye fremu, yaani kiunzi cha bastola, nusu mzunguko tu, kisha ukakwama. Nilidhani ni uchafu, nikausafisha, nikaupaka mafuta na kujaribu tena, nao ukakwama pale pale. Fundi wa silaha niliyekuwa nikifanya naye kazi, mwenye leseni na mwenye subira kuliko mimi, aliweka geji ya hesi, yaani mizunguko ya skrubu, juu ya mtutu, akaichomoa nyingine kwenye droo na kuiweka mbele yangu. Mtutu ulikuwa na hesi 24 kwa kila inchi, ilhali fremu ilikatwa kwa hesi 20. Vipuri vyote viwili vilikuwa vya Colt Single Action Army, bastola ile ile iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1873, na kwa macho ya kawaida vilionekana kama vimetoka mikononi mwa fundi mmoja.

Kosa langu lilikuwa kuamini jina badala ya kipimo. Wakusanyaji huugawa uzalishaji wa bastola hiyo katika vizazi vitatu: cha kwanza kilichokoma karibu na Vita vya Pili vya Dunia, cha pili kilichoanza mwaka 1956, na cha tatu kilichoanza mwaka 1976. Vizazi viwili vya mwanzo vilitumia hesi 20 kwenye mtutu, na cha tatu kikahamia 24. Katika kizazi hicho cha tatu yalibadilishwa pia meno yaliyo nyuma ya silinda, ile sehemu inayozunguka na kubeba risasi, pamoja na ule mkono mdogo unaoyasukuma ili silinda izunguke. Nakala zinazotengenezwa Italia nazo, hata zikifanana kwa sura, huwa na skrubu za metriki, kwa hiyo skrubu ya nakala haistahili kulazimishwa kwenye fremu ya Colt. Ukiona muuzaji ameandika kwamba kipuri chake kinaingia kwenye bastola zote za aina hiyo, muulize ni za kizazi kipi na hesi ngapi. Akishindwa kujibu, funga pochi yako.

Anza na fremu, kwa kuwa ndiyo inayoamua mambo mengine yote. Fremu za miaka ya awali zilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, na kwa kawaida hutambulika kwa skrubu iliyo mbele ya fremu inayobana pini ya silinda, tofauti na zile za baadaye zenye kibonyezo cha kupita upande hadi upande. Colt yenyewe haikuanza kuzidhamini bastola hizi kwa baruti isiyo na moshi, yenye nguvu zaidi, hadi karibu mwaka 1900. Hapa ndipo watu wanapojidanganya, kwani hudhani kwamba silinda mpya ya chuma imara inaipa fremu kongwe nguvu mpya. Risasi ya .45 Colt ya kawaida ina kikomo cha shinikizo cha pauni 14,000 kwa inchi ya mraba, na ile ya .357 Magnum inafika 35,000. Silinda ya kisasa inaweza kulihimili shinikizo hilo la pili, lakini fremu iliyofuliwa enzi za baruti nyeusi haikuwahi kukusudiwa kulibeba. Mimi fremu za namna hiyo naziacha ziwe za kutazamwa, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wenzangu wanaoniona mwoga.

Jambo la pili ni uhusiano kati ya silinda na mtutu, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Maandishi yaliyochongwa ubavuni hayatoshi. Mitutu ya .45 Colt ya zamani mara nyingi ilikuwa na kipenyo cha ndani cha karibu inchi .454, na ya kisasa ni .451, silinda nazo zina tundu la mbele ambalo risasi hupitia kabla ya kuingia mtutuni, na nimepima silinda zenye tundu la .456. Risasi ya .452 ikipita katika tundu la .456 huyumba, nayo huingia mtutuni ikiwa imekaa upande. Kinyume chake, tundu likiwa dogo kuliko mtutu, risasi hubanwa na kupungua kabla haijafika penye mifereji iliyo ndani ya mtutu, na hapo hata mtutu mzuri hauwezi kukusaidia. Ninachotaka mimi ni tundu kubwa kidogo tu kuliko mtutu, matundu yote sita yakiwa sawa. Tundu moja likitofautiana na mengine, utajikuta unalaumu mkono wako kwa risasi moja katika kila sita.

Kisha kuna mpangilio wa kuzunguka. Nyundo inapovutwa hadi mwisho, tundu la silinda linapaswa kukaa sawasawa mbele ya mtutu na kufungwa hapo na kizuizi. Mkono wa zamani ukikutana na meno ya silinda mpya, silinda huweza kufika kabla ya wakati au kuchelewa, na risasi ikakwangua ukingo wa mtutu na kurusha vipande vya risasi pembeni. Nimewahi kusimama kando ya bastola ya namna hiyo, nikachomwa shavuni na kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Fundi hupitisha fimbo maalumu ndani ya mtutu ili kuona kama inaingia kwenye kila tundu bila kugonga. Kazi ya kurekebisha mkono huo na kizuizi ni yake, si ya mwenye tupa na jiliwa nyumbani, kwa sababu chuma kikishaliwa na tupa hakirudi.

Springi, kwa upande mwingine, nazipendelea mpya kabisa. Ile springi bapa inayohudumia kizuizi na kifyatulio ilikuwa na sifa mbaya ya kukatika, na zile za waya za siku hizi hudumu zaidi. Sioni dhambi yoyote hapo, mradi ya zamani uihifadhi.

Dhambi ninayoiona ni kuvunja bastola kamili ili kupata vipuri. Namba ya fremu hurudiwa kwenye sehemu za mpini na kinga ya kifyatulio, na katika zile za mapema sana hata kwenye mtutu na silinda. Zikilingana zote, rudisha bisibisi mfukoni. Tafuta fremu ambayo tayari imeshatenganishwa na wenzake. Wala usiing'arishe ili ifanane na mtutu mpya, kwani kingo hulika na maandishi hufifia. Mimi naona afadhali rangi mbili zinazosema ukweli.

Kuhusu namba yenyewe, usiiguse kamwe. Chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968, hata fremu peke yake huhesabiwa kuwa silaha, na iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 huweza kuhesabiwa kuwa ya kale. Majimbo yana masharti yake juu ya hayo. Kwingineko hata silinda tupu huweza kuhitaji kibali, kwa hiyo pata jibu la mamlaka kabla ya kuagiza.

Ilipokamilika, bastola yangu ilikuwa na fremu ya kizazi cha pili, mtutu wa kizazi hicho hicho nilioutafuta kwa miezi saba, silinda mpya na springi za waya. Kwa kuwa ncha inayogonga risasi bado iko kwenye nyundo yenyewe kama ilivyokuwa mwaka 1873, naijaza risasi tano tu na kuiacha nyundo ikae juu ya tundu tupu. Ndani ya sanduku lake nimeweka karatasi yenye vipimo vya kila kipuri na mahali kilikotoka, pamoja na ule mtutu wa hesi 24, ambao hadi leo sijampata wa kumuuzia.