Wasomaji Wanauliza: Kilomita 125 za Reli ya Kasi, Torino hadi Milano

Barua nyingi za safari hii zinahusu reli ya kasi inayounganisha Torino, mji wa magari, na Milano, mji wa mashine na matairi, kaskazini mwa Italia. Kipande cha Torino hadi Novara kilifunguliwa Februari 2006, na kilichobaki mpaka Milano kikamalizika Desemba 2009.

*Mhariri, miji hii ilikuwa na reli tangu karne ya 19. Kwa nini hawakununua treni za kasi tu na kuzipitisha kwenye njia ileile?*

Kikwazo kikubwa ni kona. Mwendo wa treni kwenye kona unaamuliwa na mambo mawili: nusukipenyo cha kona yenyewe, na kiasi ambacho reli ya nje imeinuliwa kuliko ya ndani. Kwa geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,435 hesabu yake unaweza kuifanya kwenye kipande cha karatasi. Chukua kasi kwa kilomita kwa saa, izidishe kwa yenyewe, zidisha tena kwa 11.8, kisha gawanya kwa nusukipenyo katika mita. Unachopata ni milimita ambazo reli ya nje ingepaswa kuinuliwa ili abiria asivutwe upande wowote.

Kwa mistari ya kilomita 300 kwa saa, Waitalia walichagua nusukipenyo cha chini cha mita 5,450. Hesabu inatoa milimita 195. Reli ya nje huinuliwa milimita 105 tu, na zile 90 zinazopungua ndizo abiria anazozihisi kama msukumo mdogo wa kumpeleka nje ya kona. Kuinua zote 195 ni kosa, kwa sababu treni ikilazimika kwenda polepole au kusimama pale, uzito wake unaegemea reli ya ndani na kuiharibu.

Sasa weka kona ya mita 1,000, ambayo kwa reli ya kawaida ni kona nzuri kabisa. Kwa kilomita 300 ungehitaji milimita 1,062, zaidi ya mita nzima, na hakuna njia ya reli inayojengwa hivyo. Ukibaki na zile 195, kasi inayoruhusiwa ni kama kilomita 128 kwa saa. Treni uipe nguvu kiasi chochote, kona ile haitabadilika.

Ndiyo maana njia mpya ilipitishwa kandokando ya barabara kuu ya A4, ambako tayari kulikuwa na ukanda mrefu ulionyooka. Urahisi huo una gharama yake: madaraja ya magari yanayovuka barabara kuu yanalazimika kurefushwa au kujengwa upya ili yaivuke na reli pia. Aidha, eneo la Vercelli na Novara ni mashamba ya mpunga yenye mifereji kila upande. Tuta la reli likiziba maji, upande mmoja unafurika na mwingine unakauka, na udongo uliolowa chini ya tuta hudidimia. Kwa treni ya kasi hii, hata milimita chache za kudidimia zinahitaji kurekebishwa, kwa hiyo makalvati na mitaro ni kazi ya kwanza, kabla hata ya kufikiria kokoto na mataruma.

*Kilomita 125 kwa kasi ya 300 ni dakika 25. Mbona safari kutoka stesheni ya Porta Nuova ya Torino hadi Milano Centrale inachukua karibu saa nzima?*

Hesabu yako ni sahihi kwa treni isiyoanza wala kusimama. Kasi ya 300 ni ya katikati ya njia tu. Mijini treni inatumia reli za zamani, pamoja na treni nyingine, na karibu na stesheni inapita mahali pa kubadilishia njia kwa kasi ya 30 au 60.

Kwa kasi ya 60, kilomita moja inakula dakika nzima. Kwa 300 inakula sekunde 12. Ukichukua kilomita 10 za mjini na kupandisha kasi kutoka 60 hadi 120, umeokoa dakika 5. Ukichukua kilomita 100 za katikati na kupandisha kasi kutoka 300 hadi 350, unaokoa dakika zisizofika 3, na ukinzani wa hewa unaongezeka kwa takriban asilimia 36. Kwa miji iliyokaribiana hivi, tunashauri bila kusita kwamba fedha ya ziada iende mijini: kwenye makutano ya njia, kwenye majukwaa, na kwenye kutenganisha treni za kasi na za abiria wa karibu.

Kituo cha katikati nacho ni ghali kuliko kinavyoonekana. Kupunguza mwendo kutoka 300, kusimama dakika 2, na kurudi kwenye 300 kunapoteza kama dakika 6 zote pamoja.

*Nimesoma kwamba treni hushusha pantografu, ule mkono wa juu ya treni unaogusa waya wa umeme, ikiwa inakimbia. Je, si hatari?*

Ni utaratibu wa kawaida, na hatari inakuja usipofuatwa. Reli za zamani za Italia zinatumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 3,000. Njia ya kasi inatumia mkondo geu wa volti 25,000. Treni ya kasi ya Italia iitwayo ETR 500 ina nguvu ya megawati 8.8; kwa volti 3,000 ingevuta zaidi ya ampea 2,900, lakini kwa 25,000 inavuta kama 350. Upotevu wa umeme kwenye waya unakua kwa mraba wa ampea, kwa hiyo tofauti hiyo ni kubwa mno.

Mifumo hiyo miwili inapokutana kuna kipande cha waya kisicho na umeme. Dereva anaacha kuvuta, anafungua swichi kuu, anashusha pantografu, na treni inateleza kwa mwendo wake. Ikishavuka, pantografu inayofaa inapandishwa, mitambo inapima ni volti gani zilizopo, ndipo swichi kuu inafungwa. Treni ikiingia pale huku ingali inavuta umeme, cheche kubwa huruka na huweza kuyeyusha waya. Ikisimama ndani ya kipande hicho, haina umeme wa kujitoa. Ndiyo maana kipande hicho hakiwekwi mahali ambapo treni huenda ikasimamishwa.

Waya wenyewe pia una kikomo chake. Pantografu ikiusukuma juu, wimbi dogo linakimbia mbele kwenye waya. Waya wa shaba wa milimita za mraba 150, uliokazwa kwa kilonewtoni 20, unapitisha wimbi hilo kwa kasi ya takriban kilomita 440 kwa saa. Treni haitakiwi kuzidi asilimia 70 ya kasi hiyo, yaani kama 308. Ikizidi, inalikaribia wimbi lake yenyewe, waya unacheza, pantografu inaachana nao, na cheche zinaula waya. Wafaransa walipofikisha kilomita 574.8 kwa saa tarehe 3 Aprili 2007, moja ya kazi zao ilikuwa kuukaza waya kupita kawaida.

*Kwa nini hakuna taa za ishara kando ya njia?*

Kwa kasi ya 300 treni inapita mita 83 kila sekunde, na kwa breki ya kawaida inahitaji kama kilomita 7 ili isimame. Taa ya kando ingeonekana wakati treni imeshachelewa kusimama. Ruhusa ya kusonga mbele inatumwa kwa redio hadi kwenye skrini ya dereva, na vibao vya kielektroniki katikati ya reli vinaithibitishia treni mahali ilipo. Dereva akizidisha kasi iliyoruhusiwa, mfumo unafunga breki wenyewe.

*Mimi nina karakana. Je, mizigo ya viwandani inaweza kupita humo?*

Wabunifu walifikiria mizigo: mwinuko ulidhibitiwa usizidi mita 15 kwa kila kilomita, wakati njia ya Paris–Lyon ya mwaka 1981, ya abiria pekee, inapanda hadi mita 35. Shida ni nafasi. Treni ya mizigo ya kilomita 100 kwa saa inachukua dakika 75 kuvuka kilomita 125. Ya abiria inachukua chini ya nusu ya hapo. Moja ya mizigo inafuta nafasi za treni kadhaa za kasi. Usiku, wakati abiria hawapo, ndiyo saa za mafundi. Isitoshe, kwenye ile kona ya mita 5,450 treni ya kilomita 100 kwa saa inahitaji reli ya nje iinuliwe milimita 22 tu lakini inakuta 105, hivyo inasaga reli ya ndani. Faida ya mzigo wako iko kwenye reli ya zamani: treni za kasi zikihamia njia mpya, ile inapata nafasi.

*Reli zilizounganishwa bila mianya hazipindi wakati wa joto?*

Hutaka kupinda, lakini zinazuiwa. Kila nyuzi moja ya joto juu ya joto lililokuwapo reli ilipofungwa inaongeza kama kilonewtoni 18 za msukumo ndani ya reli moja ya kilo 60 kwa mita. Nyuzi 30 zinafanya takriban tani 56 kwa kila reli. Kinachoshika ni mataruma ya zege, yanayopangwa kila sentimita 60, na kokoto zilizojaa pembeni mwa ncha zake. Wakati mbaya kabisa ni baada ya ukarabati, kokoto zikiwa bado hazijashikana; kwa hiyo kasi hupunguzwa mpaka zitulie. Mkaguzi mzuri huanzia kwenye ncha za madaraja, ambako kokoto za pembeni hupungua mapema kuliko kwingine.